Dirisha jeusi sikioni: hereni za kigothiki kwa udongo wa polima

Rangi nyeusi haisitiri kitu. Uzi mmoja wa sweta, alama ya kidole gumba, chembe ya vumbi lililoingia na upepo wa Agosti: vyote huonekana juu ya hereni nyeusi kuliko juu ya rangi nyingine yoyote, na vikishaokwa vimekaa. Kwa hiyo humu usafi, joto na msasa vimepewa nafasi kubwa kuliko mapambo yenyewe. Umbo la kigothiki si gumu kuchora. Kinachoangusha kazi za wengi ni oveni ambayo haijapimwa.

Kazi ya leo ni jozi moja ya hereni zenye umbo la dirisha la tao lenye ncha, upana mm 24, urefu mm 39, zenye jiwe dogo jekundu la kioo. Tao hili ndilo sahihi ya mtindo wenyewe. Mtindo huo wa kigothiki, wa kujengea makanisa, ulishika mizizi Ufaransa katika karne ya 12, na sehemu ya altare ya kanisa la Saint-Denis karibu na Paris, iliyotabarukiwa mwaka 1144, huhesabiwa kuwa mwanzo wake. Weusi wa mapambo ulikuja baadaye sana, hasa Uingereza. Mume wa Malkia Victoria alipofariki mwaka 1861, malkia alivaa nguo za msiba hadi kufa kwake, na mapambo ya jeti, mti wa kale uliogeuka kuwa kitu kama makaa ya mawe na kuchimbwa karibu na mji wa Whitby, yakawa ndiyo mavazi ya maombolezo. Ule weusi wa jeti, wenye mng'ao wa ndani usio wa kioo, ndio tunaoutafuta hapa.

Fuvu, popo na jeneza ni alama za kawaida za mtindo huu huko ulikotoka. Huku kwetu fuvu watu wamelizoea kwenye kibao cha HATARI kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme, na bundi sikioni humletea mvaaji maswali asiyoyataka, nyumbani na kanisani. Tao, waridi, utando wa buibui na lesi vinabeba kivuli kilekile bila ugomvi, na kwa macho yetu vinapendeza zaidi.

Udongo wenyewe

Jina lisikudanganye. Huu si udongo kama ule ambao akina mama wa Kikisi wanafinyangia vyungu kule Ikombe, ng'ambo ya Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Chungu kina maji, kikikauka husinyaa, na kikikauka haraka hupasuka. Udongo wa polima hauna maji. Ni unga wa PVC, plastiki ileile ya mabomba, uliochanganywa na kilainishi cha mafuta na rangi. Ukiuacha mezani wiki nzima haukauki, na ukiuoka hausinyai kwa kiasi cha kuonekana. Kinachoufanya mgumu ni joto peke yake: chembe za plastiki hunyonya kile kilainishi, huvimba, zinashikana. Joto lisipofika, hazishikani, hata kama kwa nje kazi inaonekana ngumu.

Na hapo ndipo kuchemsha kunapokataliwa. Wapo wanaoelekeza kuuchemsha udongo huu kwenye sufuria ya maji. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, ambazo tayari ni chache. Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na Njombe ni chini ya hapo. Udongo mwingi wa aina hii unataka nyuzi 110 hadi 130 kulingana na pakiti. Hereni iliyochemshwa Mbeya itavunjika kama biskuti siku itakapoanguka sakafuni.

Pakiti ya kawaida ni gramu 57. Jozi yetu inakula gramu 10 hadi 12 za udongo mweusi, kwa hiyo pakiti moja inatoa jozi nne na vipande vya majaribio. Nunua pia pakiti moja nyeupe. Kazi yake utaiona kwenye oveni.

Mzigo unaotoka Dar es Salaam kuja huku Mbeya hupita kwenye joto la Morogoro na Mikumi kabla haujapanda mlima Kitonga, na buti la basi ni oveni ndogo. Ukifika, fungua na ujaribu kabla hujafanya lolote: kata kipande chembamba, ukikunje. Kikikunjika, vizuri. Kikivunjika, kikande dakika 10. Kikianza kushikana ni ukavu tu, na tone moja la mafuta ya watoto kwa nusu pakiti, kisha la pili ukiona bado, litaurudisha. Lakini ukikanda na ukaendelea kuhisi punje ngumu, kama uji wenye mabuja, udongo umeshaanza kuiva njiani. Huo hautengenezeki. Omba wauzaji wautume kwa basi la usiku.

Utunze ndani ya mfuko laini wa nailoni, sio kwenye kopo la plastiki ngumu inayoonyesha, kwa sababu kilainishi hula plastiki ya namna hiyo na kuifanya inate. Hula vanishi ya meza pia.

Vitu vya kuwa navyo

Kipande cha marumaru ya sakafuni, sm 20 kwa 20, kilichobaki kwa fundi. Chupa ya kioo iliyonyooka, ya kusukumia. Vipande viwili vya plaiwudi ya mm 3. Wembe mpya, sindano, vijiti vya meno. Bikari kutoka kwenye mkebe wa hisabati wa mwanafunzi, na karatasi ya manila. Kipande cha lesi yenye maua madogo. Poda ya watoto. Spiriti ya duka la dawa na pamba za masikio. Msasa wa maji namba 400, 600, 800 na 1000. Kitambaa cha jinzi. Rangi ya akriliki ya fedha. Shanga mbili nyekundu za kioo za mm 6 zenye mgongo bapa, ndizo mawe yetu. Pete ndogo za kuunganishia za mm 8 na kulabu za hereni, zote za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa vyuma vya bei rahisi huachia nikeli kwenye ngozi na masikio mengi huikataa. Plaizi mbili ndogo. Gundi ya mirija miwili inayochanganywa.

Na kipimajoto cha oveni. Hiki usikiache kwa sababu ya bei. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha oveni ndogo za mezani zinaweza kukosea kwa nyuzi 20 au zaidi, juu au chini.

Shanga za plastiki huyeyuka ndani ya oveni. Gusisha shanga kwenye mdomo: kioo ni baridi na kizito, plastiki haina ubaridi. Ukiwa na shaka, oka moja peke yake kwanza.

Kuchora tao

Kwenye manila chora mstatili wenye upana wa mm 24 na urefu wa mm 18. Fungua bikari mm 24 kamili, sawa na upana. Weka sindano kwenye kona ya juu ya kushoto, penseli kwenye kona ya juu ya kulia, kisha zungusha kwenda juu. Hamia kona ya kulia ufanye vivyo hivyo. Pinde mbili zitakutana karibu mm 21 juu ya mstatili, na hilo ndilo tao lenye ncha lililo sawia kuliko yote. Ukitaka lililo jembamba na kali zaidi, refusha mstari wa juu wa mstatili kwa mm 6 kila upande, simamisha sindano kwenye ncha hizo mpya na ufungue bikari mm 30. Kilele kitapanda hadi mm 24. Usichore kwa mkono tu. Jicho hutambua mara moja tao lililopinda, na kwenye jozi, kosa la mm 1 linaonekana kutoka upande wa pili wa barabara.

Kata kiolezo hicho kwa mkasi. Kitumike kwa hereni zote mbili.

Kukanda na kusukuma

Vua sweta la sufu. Tunajua Juni na Julai si miezi ya kumwambia mtu wa Mbeya au Makete avue sweta, basi angalau vaa juu yake aproni ya nailoni yenye mikono, au kunja mikono hadi kwenye kiwiko. Nyuzi za sufu ndizo adui wa kwanza wa udongo mweusi. Futa marumaru kwa spiriti. Nawa mikono, ikaushe kabisa, kisha kanda kipande cha udongo mweupe kwa dakika moja: kitaondoka na uchafu uliobaki kwenye vidole. Ukikiangalia utaona kimekuwa kijivu, na huo wote ungeingia kwenye kazi.

Udongo ukiwa mgumu kwa baridi, uweke ndani ya mfuko wa nailoni, kisha mfukoni mwa suruali kwa dakika 20. Usiuegemeze kwenye jiko la mkaa. Upande mmoja utaiva huku wa pili ukiwa bado jiwe.

Kanda kwa kuviringisha na kukunja, dakika 5 hadi 8. Usikunje kwa namna ya kufungia hewa ndani, yaani usikunje pembe nne kuelekea katikati kama bahasha. Kunja mara moja, sukuma kuanzia kwenye mkunjo kwenda nje. Hewa na unyevu vilivyofungiwa ndivyo vinavyoleta mapovu, na vile vialama vyeupe vya umbo la mwezi mchanga vinavyotokea ndani ya udongo baada ya kuoka.

Tandika karatasi nyeupe juu ya marumaru, weka udongo juu yake, plaiwudi moja kila upande, sukuma kwa chupa mpaka chupa ipande juu ya plaiwudi zote mbili. Sasa una bapa la mm 3 kila mahali. Chini ya mm 2 hereni hujipinda, zaidi ya mm 4 huvuta sikio.

Pakaza poda kidogo sana juu, laza lesi, pita na chupa mara moja tu kwa mkono mzito. Ukipita mara ya pili lesi inasogea na ua linakuwa na kivuli cha pacha. Bandua lesi taratibu kutoka kona moja.

Kukata na kupamba

Acha bapa lipoe juu ya marumaru dakika 10. Baridi ya kwetu hapa ni msaada, maana udongo uliopoa hukatika safi. Weka kiolezo, kata kwa ncha ya wembe iliyosimama wima, vipande vifupivifupi kwenye pinde. Ukimaliza usiinue hereni. Ondoa mabaki yanayoizunguka. Kuinua ndiko kunakorefusha tao. Hereni itabaki juu ya karatasi hiyo na kuokwa papo hapo.

Sasa fremu. Viringisha kamba nyembamba ya mm 1.5, si kwa vidole bali kwa kipande bapa cha kioo, ili unene uwe mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Vidole huacha mawimbi, na kwenye fremu mawimbi yanaonekana kama meno. Zungushia kamba ukingoni, ukianzia katikati ya upande wa chini, ibonyeze kidogo kwa ubavu wa sindano ili ishikane. Weka kamba moja wima katikati kuanzia chini. Kisha matao mawili madogo ubavuni kwake, kila moja mm 10 upana, yaanzie mm 6 chini ya pale tao kubwa linapoanza kupinda. Kilele chake usikibane kwa vidole. Kata kamba mbili kwa mshazari zikutane. Pembe iliyobanwa huwa kama pua, iliyokatwa huwa kali.

Jiwe linakaa juu ya matao hayo madogo, kitovu chake mm 9 juu ya pale tao linapoanza. Bonyeza shanga iingie mm 1, izungushie kamba nyembamba, na uilaze kamba hiyo kidogo juu ya ukingo wa kioo. Hili la kulaza ni la lazima: udongo haushikani na kioo. Unalikumbatia tu.

Toboa tundu kwa kijiti cha meno, upana mm 1.5, mm 3.5 chini ya kilele. Zungusha kijiti wakati unaingiza na unapotoa. Ukilisogeza tundu juu zaidi, siku moja litararuka.

Malizia kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti na kukamuliwa, ikipita kwa wepesi juu ya fremu na kingo. Inafuta alama za vidole, poda na nyuzi kwa pamoja. Ikiwa imelowa sana, itafuta na lesi yako.

Kuoka

Weka kipimajoto katikati ya oveni, kando ya pale marumaru itakapokaa. Washa, ngoja dakika 20 hadi sindano itulie kwenye joto lililoandikwa kwenye pakiti yako. Kando ya hereni weka vitu viwili: kipande cha udongo mweupe, na ukanda mweusi wa majaribio wa mm 2 unene, sm 5 urefu. Funika vyote kwa hema la karatasi ya alumini lisilogusa kazi, kwa sababu nondo za juu za oveni ndogo huunguza kilicho karibu. Ingiza marumaru, na uanze kuhesabu pale sindano itakaporudi kwenye joto lake, maana marumaru baridi huishusha. Pakiti nyingi husema dakika 30 kwa kila mm 6 za unene. Kwa mapambo ya kuvaliwa, toa dakika 45 hadi 60. Muda mrefu kwenye joto sahihi haudhuru.

Joto kubwa ndilo linalodhuru. Udongo mweusi hauonyeshi kuungua, kwa hiyo shahidi wako ni kile kipande cheupe: kikiwa rangi ya chai ya maziwa, oveni ilipitiliza. Ikivuka nyuzi 175 hivi, PVC huanza kuvunjika na kutoa mvuke wa asidi unaochoma macho na koo. Ukisikia harufu hiyo zima, fungua madirisha yote na utoke nje. Dirisha moja liwe wazi tangu mwanzo, hata kama nje kuna ukungu wa Uyole.

Umeme ukikatika katikati, usitupe kitu. Acha oveni imefungwa, na umeme ukirudi oka tena dakika zote tangu mwanzo.

Wanaooka keki kwa sufuria la mchanga na mkaa wanaweza kuoka na hizi, kwa masharti. Sufuria liwe kubwa, lisitumike tena kwa chakula, lenye mchanga mkavu wa sm 3 chini, mawe matatu madogo, marumaru juu yake. Kipimajoto kiwe cha waya, kinachosomeka nje bila kufunua. Joto likae palepale dakika 15 kabla ya kuingiza kazi. Likipanda, punguza mkaa. Jiko hilo liwe nje au barazani. Hewa ya mkaa uliofungiwa chumbani haina harufu, na kila msimu wa baridi inaua.

Zima, acha kazi ipoe humohumo. Ikiwa na uvuguvugu, laza juu yake karatasi na kitabu kizito, fremu ikiwa imewekewa kitambaa, ili isijipinde. Kisha chukua ule ukanda wa majaribio na uukunje. Ukipinda kama kadi ya benki na kurudi, umeiva. Ukikatika kwa sauti kavu, rudisha vyote kwenye oveni.

Msasa na fedha

Tumia bakuli la maji yenye tone la sabuni, na msasa uwe umelowa wakati wote, vumbi la plastiki lisiingie kifuani. Namba 400 kwa kingo na mgongo, kisha 600, 800, 1000, juu ya fremu ukigusa kwa namba 1000 pekee. Usiruke namba: mikwaruzo ya 400 haiondolewi na 1000, inang'arishwa tu na kuonekana vizuri zaidi. Kausha, sugua fremu kwa jinzi kwa nguvu dakika 3. Sehemu ya lesi iache bila mng'ao. Huu ndio moyo wa kazi: hereni nyeusi yote iking'aa ni kifungo cha koti, na yote ikififia ni mkaa. Kina kinatoka pale fremu inayong'aa inapopakana na lesi isiyong'aa.

Chovya brashi ngumu kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye karatasi mpaka ionekane haina kitu, kisha pitisha juu ya fremu kwa wepesi. Kidogo. Fedha ibaki kwenye migongo ya kamba, kama imechakaa kwa kushikwashikwa miaka.

Rangi ya kucha usiitumie kama vanishi, wala vanishi ya kupuliza. Viyeyushi vyake hulainisha PVC, na baada ya wiki kadhaa hereni inaanza kunata na kukusanya vumbi milele. Ukilazimika, tumia vanishi ya maji, tabaka moja. Udongo ulioiva vizuri hauihitaji.

Kuunganisha, na yanayoharibika

Jiwe likicheza baada ya kuoka, lichomoe kwa sindano, weka tone la gundi ya mirija miwili, lirudishe. Gundi ya papo kwa papo hushika haraka lakini ni kavu, huachia hereni ikigonga sakafu.

Nyufa ndogo pembeni mwa fremu maana yake kamba haikubonyezwa, au kazi ilitolewa oveni na kuwekwa kwenye baridi ghafla. Zijaze udongo laini, oka tena dakika 30. Mapovu yaliyovimba juu yanaweza kusuguliwa kwa msasa ikiwa hayapo kwenye lesi. Vile vialama vya mwezi mchanga havitoki, lakini kwenye udongo mweusi huonekana kidogo tu, na fedha kidogo huvificha. Hereni inayokatika kwenye tundu haikuiva, hata kama ukanda wa majaribio ulipinda: huenda marumaru ilikaa kwenye kona baridi ya oveni. Geuza marumaru nusu mzunguko katikati ya muda.

Pete ndogo ifunguliwe kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma kwa plaizi mbili. Ukizivuta kwenda pembeni, duara halirudi. Ipitishe kwenye tundu, ivike kulabu, ifunge mpaka usikie ncha zikisuguana. Inua hereni uitazame inavyoning'inia. Ikionyesha ubavu badala ya uso, ongeza pete moja katikati, nayo itageuka nyuzi 90 na kutazama mbele.